Jina la Mwenye Shamba

Miaka thelathini na mmoja nimekaa ofisi ya vizazi na vifo, na mtu akiniuliza nimechoshwa na nini, sijui nianzie wapi. Kiti kimebonyea, mgongo hauna nafuu, na nusu ya watu wa kisiwa hiki wana jina moja la ukoo, jina letu.

Jumanne alikuja binti wa kaka yangu, macho yamevimba. Amechumbiwa na mtoto wa fundi seremala, na kaka amekataa katakata kwa sababu kijana naye ana jina letu. Hapa kwetu wenye jina moja hawaoani. Hata kama hakuna anayemjua babu anayewaunganisha, jina linatosha.

"Shangazi, baba amenipa mpaka Ijumaa. Nisipoachana naye, nisikanyage kwake tena."

"Baba yako moto wa kifuu. Atapoa."

"Na asipopoa?"

Nami nilikatazwa hivyo hivyo nikiwa na miaka ishirini na minne, na baba yetu hakupoa mpaka tunamzika. Niliyekatazwa ni fundi seremala huyo huyo. Yeye alioa kwingine. Mimi sikuolewa, watu wakasema nachagua kama mnunuzi wa nyanya, nikawaacha waseme.

Nikafungua kabati la chuma, nikatoa daftari la mashamba la enzi za wakoloni. Linanuka mkojo wa panya. Tulipekua mpaka saa nane mchana, yeye akisoma, mimi nikipiga chafya.

Jina tulilikuta, ila halikuwa la babu yeyote. Lilikuwa la mwenye shamba. Karani wake aliwapanga mstari watu arobaini na watatu, walioletwa kwa meli mbalimbali kutoka nchi mbalimbali, akawaandika wote jina la ukoo la bwana wake kwa siku moja, maana majina ya koo zao yalimshinda. Babu yetu ni namba tisa, wa fundi ni namba thelathini, na hata meli yao si moja. Nimeona makarani wavivu, lakini yule alitia fora.

"Kumbe si ndugu!" Binti alinirukia, analia na kucheka. Nilifurahi kwa ajili yake, na wivu ukanichoma pia, sitaficha.

Ijumaa nilibeba daftari mpaka kwa kaka. Fundi na mwanawe waliitwa. Kaka alisoma mara mbili, akavua miwani. Jina alilolipigania maisha yake yote, kumbe ni la mtu aliyemmiliki babu yake.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Waoane."

Vigelegele vikalipuka ndani. Fundi alibaki nami barazani, daftari mapajani, kidole kwenye namba thelathini.

"Kitabu hiki kililetwa lini ofisini kwenu?"

Ningeweza kumdanganya, lakini hata uongo unataka nguvu.

"Nilikikuta siku naajiriwa."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Ninao mimi."

Aliondoa kidole kwenye daftari. Mwaka ule naajiriwa, alikuwa bado hajaoa.

"Hukuwahi kukifungua?"

"Nilikuwa nakipangusa vumbi kila Jumatatu," nilimwambia. "Baba alisema sisi ni ndugu. Sikuuliza."