Ng'ombe Wawili wa Mwalimu Siméon

Mwalimu Siméon alifundisha kwa Kifaransa miaka ishirini na mitano. Sasa serikali imeamua shule zote zifundishe kwa Kiingereza, na akishindwa mtihani wa lugha hiyo, anaondolewa darasani. Jolly, mwalimu mwenzake aliyekulia Uganda, alikuwa akimfundisha huku akimcheka.

"Ng'ombe yako yote ya Mudende unajua kwa sura, mwalimu, na maneno mbili tu inakushinda?"

"Ng'ombe iko na sura, Jolly. *Eminent* na *imminent* ni mapacha ya Kilatini!"

"Bon, we yape sura."

Akayapa. *Eminent*, mtu wa heshima, akawa Gaju, ambaye ng'ombe wenzake humpisha njiani. *Imminent*, jambo lililo karibu kutokea, akawa Bihogo, mwenye mimba ya kuzaa wiki hii.

Siku ya mtihani, swali la tatu likataka mojawapo ya maneno hayo mawili. Siméon akafumba macho. Ng'ombe wakaja, Gaju akitafuna, Bihogo akihema, lakini walikuja bila maneno yao. Akawabembeleza kama wakati wa kukamua. Wapi!

Muda ukaisha. Msimamizi, aliyefundishwa kusoma na Siméon mwenyewe, akaivuta karatasi bila kumtazama usoni.

"Pole, mwalimu."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema Siméon, macho bado kayafumba. "Ng'ombe mmoja anageuka, kama ana neno mdomoni."