Dakika Mbili za Mzee Shemdoe

Simu ya chuo kikuu ilimkuta Mzee Shemdoe akijiandaa kwenda kazini, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine bado. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Kyle, mratibu wa hafla ya kuwatuza wahitimu vijana Weusi waliofanya vizuri kazini na katika jamii zao. Mwaka huu wangetuzwa kumi. Mmoja wao ni Ruqayyah, binti yake. Kila anayetuzwa amechagua mtu wa kumtambulisha ukumbini, na Ruqayyah amemchagua baba yake.

"Utakuwa na dakika mbili, bwana," Kyle alisema kwa upole.

"Mbili za kuanzia?"

"Mbili zote."

Mzee Shemdoe alishukuru, akakata simu, akakaa kitandani na kiatu mkononi. Ruqayyah wake, kati ya vijana kumi wa chuo kizima! Furaha ilimpanda hadi kooni. Kisha akazikumbuka zile dakika mbili, furaha ikasogea pembeni kidogo ili hofu nayo ipate pa kukaa.

Kabla ya kuja Toronto alikuwa karani wa itifaki katika wilaya moja ya milimani, mkoani Tanga, miaka kumi na tisa. Ndiye aliyejua nani akae kiti gani, nani ashuke garini kwanza, nani atajwe kabla ya nani. Kule kwao mtu akipewa kipaza sauti hasemi neno lake mpaka awatambue waliopo kwa vyeo vyao, tangu mgeni rasmi hadi mwenyekiti wa kitongoji, na orodha hiyo iliandikwa kwa mkono wa Shemdoe. Walikuwapo wasemaji wavivu. Hao walisimama, wakasema "itifaki imezingatiwa," wakairuka orodha nzima kama mtu anayeruka dimbwi.

Hakuwapenda, na alikuwa na sababu. Siku ya kufungua zahanati fulani, msemaji mmoja aliiruka orodha hivyo. Mstari wa nyuma alikuwapo bibi mmoja aliyetoa kiwanja cha zahanati hiyo. Alikuja na kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alingoja jina lake mpaka watu wakatawanyika, kisha akainuka, akaenda zake bila kumlaumu mtu. Tangu siku ile Shemdoe aliapa kwamba katika shughuli yake hakuna jina litakalorukwa.

Toronto alikuwa na miaka kumi na sita sasa, akisukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Abiria wake aliwaita kwa majina kamili. Akimfikisha mtu mlangoni alisimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, kama alivyosimama zamani na wakuu wa wilaya. Wenzake walimcheka. Alicheka nao, na kesho yake akasimama palepale.

*

Jumapili Ruqayyah alikuja kwao, mtaa wa Weston, kumsikiliza baba yake akifanya mazoezi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mfamasia, mwembamba kama mama yake na mbishi kama baba yake. Kiswahili alikielewa chote, ila mdomo wake ulizoea kujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijikaza akajibu kwa Kiswahili, kwa kumbembeleza mzee.

Mama Ruqayyah alileta kengele ndogo ya jikoni anayopimia keki, akaitega dakika mbili, akaiweka mezani kando ya birika la chai.

Mzee Shemdoe alisimama, akakohoa, akafunua karatasi. "Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa makamu wa Mkuu wa Chuo. Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza la chuo, na waheshimiwa wajumbe wa baraza hilo. Waheshimiwa wakuu wa vitivo. Mheshimiwa mwakilishi wa meya..."

Walikuwa kumi na wanne, naye aliwataja taratibu, kila mmoja na cheo chake. Alipofika kwa mwenyekiti wa chama cha wahitimu, kengele ikalia.

"Muda umekwisha, Baba."

"Mbona haraka? Bado sijamfikia mwakilishi wa wafadhili."

"Na mimi bado hujanifikia."

Mama Ruqayyah alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Usishangae, mwanangu. Siku ya harusi yetu baba yako alitambua wajumbe wa kata mbili, pilau likaganda. Mimi bibi harusi nilitajwa pamoja na wengineo."

"Nilikuweka mwisho kwa heshima, mke wangu."

"Mwisho wa sufuria ni ukoko."

"Na ukoko ndio mtamu."

"Baba!" Ruqayyah alisema, naye anacheka. "Dakika mbili. Si mbili za Tanga, mbili za saa. Ruka hiyo orodha. Hao wakubwa watu wanawataja kila siku."

Mzee Shemdoe alikunja karatasi polepole. "Mtu haruki watu, mwanangu."

Treni ya uwanja wa ndege ilipita nje, vikombe vikatetemeka kidogo juu ya visahani vyake. Ruqayyah alishika mkono wa baba yake.

"Bosi wangu alijitolea kunitambulisha," alisema. Hapo Kiswahili kilimshinda, akaendelea kwa Kiingereza. "Anaongea vizuri sana. Nilimwambia hapana. Nataka watu wanisikie kutoka kwako."

Baba yake aliirudisha karatasi mfukoni. Siku zote zilizobaki alifanya mazoezi peke yake, bafuni, kwenye basi, nyuma ya viti vya magurudumu vitupu. Alijaribu kusoma mbio, akajisikia kama mnadi wa mitumba. Alijaribu kupunguza vyeo, akaona aibu. Kila hesabu aliyopiga ilimletea jibu lilelile: wakitajwa wakubwa, binti habakiwi na kitu, na akitajwa binti, wakubwa watakuwa wamerukwa, na wa kuwaruka atakuwa yeye, Shemdoe.

*

Hafla ilikuwa Jumamosi ya pili ya Machi, saa saba mchana. Theluji ilikuwa imebaki marundo meusi kando ya barabara. Mzee Shemdoe alivaa suti ya kijivu, akafika saa nzima kabla ya wengine, akakagua mpangilio wa viti. Ulikuwa mzuri, isipokuwa mwakilishi wa meya alikuwa amepangiwa kiti karibu mno na mlango wa jikoni. Alimwambia Kyle. Kyle alishukuru, akakihamisha.

Kisha Kyle akamwonyesha taa ndogo yenye saa ya kuhesabu sekunde, iliyokuwa chini mbele ya jukwaa. Kijani, unaongea. Manjano, zimebaki sekunde thelathini. Nyekundu, kipaza sauti kinajizima chenyewe.

"Hata kwa Mkuu wa Chuo?"

"Hata kwake, bwana."

Mzee Shemdoe aliitazama taa ile kwa heshima. Hakuwahi kukutana na kitu kisichojua vyeo.

Ukumbi ulijaa. Meza za mbele walikaa waheshimiwa. Meza ya kumi na nne, nyuma kabisa, walikaa wageni wa Ruqayyah pamoja na mama yake. Vijana walianza kupanda jukwaani mmoja mmoja: wakili, mwalimu wa hisabati, mhandisi wa maji aliyeanzisha kikosi cha kuogelea cha watoto wa mtaani kwake. Kila jina lilishangiliwa. Mzee Shemdoe alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha, maana wale wote walikuwa watoto wa mtu fulani.

Mtambulishaji wa sita alikuwa profesa. Alianza kuwashukuru wafadhili, akashukuru na idara yake, akashukuru na idara jirani. Taa ikawa nyekundu. Midomo yake iliendelea kucheza bila sauti. Kijana aliyekuwa anatambulishwa alipanda jukwaani akitabasamu kwa taabu, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado halijatajwa.

Mzee Shemdoe aliitoa karatasi yake, akahesabu majina upya.

"Wa saba," Kyle alimnong'oneza. "Zamu yako."

Alipanda, akaweka karatasi mbele yake, akaitandaza kwa kiganja. Taa ilikuwa kijani. Waheshimiwa wa mbele walimtazama kwa utulivu. Walikuwa wametajwa mara sita tangu mchana ule uanze, na majina yao yalikuwa yamechapwa kwenye kila kijitabu mezani. Akatazama mbali zaidi. Kule meza ya kumi na nne, Bibi Milagres, jirani yao wa ghorofa ya tisa, alikuwa amevaa kofia mpya ya buluu. Karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya ukingo wake.

Mzee Shemdoe aliikunja orodha, akaitia mfukoni.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, kwa Kiswahili.

Karibu ukumbi wote haukuelewa. Kule nyuma uma wa Mama Ruqayyah ulianguka kwenye sahani. "Yarabi!" alisema. "Mume wangu mzima huyo?"

Mzee Shemdoe aliendelea kwa Kiingereza chake cha ofisini, kila neno limenyooshwa kama shati. "Mimi ni Shemdoe. Nasukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege. Binti yangu ni mfamasia. Bibi Milagres, nakuomba usimame."

Bibi Milagres, mstaafu aliyewahi kupiga chapa Nairobi miaka mingi, alisimama na mkoba wake kifuani.

"Mama huyu alikuwa akianguka bafuni kila wiki. Binti yangu aliketi naye sakafuni saa mbili nzima, akamwaga mfuko wake wote wa dawa juu ya kanga, akasoma kila chupa. Akagundua kuwa anameza dawa moja mara mbili, kwa kuwa chupa mbili ziliiita majina mawili. Sasa haanguki."

"Nacheza dansi!" Bibi Milagres alipaza sauti, ukumbi ukacheka.

"Kutoka hapo ndipo ilipoanza Jumamosi ya Mfuko. Wazee wanaleta mifuko yao ya dawa, binti yangu anaifungua mbele yao na kuwaeleza kwa lugha yao. Rameez, msimamizi wa jengo letu, simama. Alitupatia ufunguo wa chumba cha kufulia, tunapokutana, kabla hatujamaliza kuomba. Mzee Mohamedtaki wa mtaa wa Malvern, simama. Alikuwa na duka Arusha, na hamwamini mtu aliye chini ya miaka hamsini. Jumamosi tatu alikuja na mfuko wake akaukalia. Ya nne akaufungua. Siku hizi ndiye anayegonga milango ya wenzake na kuwakemea."

"Wabishi hao!" Mzee Mohamedtaki alisema, akipigapiga meza.

Taa ikawa manjano.

"Ariane, simama. Alikuja akiwa mwanafunzi, kupanga viti tu. Leo ni mfamasia, na majengo manne ya mji wa Pickering yako chini yake. Wapo vijana thelathini na wanane kama yeye, katika majengo kumi na moja. Waliopo hapa nao wasimame."

Viti vilisogezwa huku na huko. Walisimama watu ambao hakuna aliyejua kuwa wana uhusiano: wawili karibu na dirisha, watatu meza ya tano, na mhudumu mmoja aliyekuwa amebeba jagi la maji, ambaye Jumamosi nyingine hubeba mifuko.

"Aliyewakusanya hawa wote nilimfundisha mimi kuheshimu watu," Mzee Shemdoe alisema. "Sasa yeye ananifundisha. Ni binti yangu. Ruqayyah Shemdoe."

Akatazama chini. Zilikuwa zimebaki sekunde tisa. Maisha yake yote hakuwahi kumaliza kabla ya muda, na hakujua mtu anazifanyia nini sekunde tisa. Mikono yake ndiyo iliyojua. Alishuka ngazi, akaenda mpaka kitini kwa Ruqayyah, akainama kidogo kama ainamavyo mbele ya mgeni rasmi, akamwonyesha njia. Ruqayyah aliinuka. Mzee Shemdoe alijiweka kushoto kwake, nusu hatua nyuma, wakapita hivyo katikati ya meza, yeye amenyooka, binti yake anafuta macho. Wale waliosimama hawakukaa. Kigelegele cha Mama Ruqayyah kilitoka nyuma, Ariane akakidaka, na kabla hawajafika jukwaani ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

"Baba," Ruqayyah alinong'ona kwenye ngazi, kwa Kiswahili, "umebakiza sekunde tisa."

"Nimeziweka akiba. Za harusi yako."

*

Chakula kilipoletwa, kiti cha Mzee Shemdoe kilikuwa kitupu. Alikuwa mbele, karatasi mkononi, anawapitia waheshimiwa mmoja mmoja kwa mpangilio wa vyeo. Alimpa kila mmoja mkono, akamtaja kwa cheo na jina kamili, akamtakia heri, kisha akaweka alama kwa kalamu. Kuku wake alikuwa anapoa meza ya kumi na nne.

"Mwacheni," Mama Ruqayyah aliwaambia wageni. "Hali kitu huyo mpaka amfikie wa kumi na nne."

Wa kwanza kwenye orodha, Mkuu wa Chuo, alikuwa ameshasalimiwa. Lakini sasa aliinuka tena kitini, akavuka meza mbili kumfuata, akamgusa bega.

"Samahani," alisema. "Umenitaja mimi, nami sikukutaja wewe. Wewe ndiye baba yake Ruqayyah, sivyo?"

Miaka yote hiyo Mzee Shemdoe alikuwa amewataja watu kwa vyeo vyao, na hakuna aliyewahi kumuuliza chake. Alikunja karatasi, akafunga kifungo cha koti.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema. "Ndiye mimi."