Sauti ya Shangazi Yahamia kwa Wenzake

Saa tisa na robo waigizaji watano walisimama duara ukumbini, viatu vimepangwa ukutani, wakavuta pumzi pamoja kama kila siku kabla ya mazoezi. Shangazi, waliyemwita hivyo wote ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja pale, akafungua kinywa. Sauti yake ikatokea kinywani mwa mwenzao fundi umeme, aliyesimama kuliani kwake.

"Samahani, Shangazi," fundi akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Imenijia tu."

Shangazi akamwekea kiganja tumboni: isukumie hapa, usiikabe kooni. Fundi akatii.

Koo la Shangazi lilikuwa limechoka. Kwa miaka kumi na minane alijificha nyuma ya pazia akimsemea Nyota, mwigizaji mkuu, ambaye sauti yake haikupata kufika safu ya tatu. Safari hii Nyota alipewa kuwa maiti, na maiti hahitaji wa kumsemea, ndipo Shangazi akapata nafasi yake ya kwanza ya kuonekana: mama wa marehemu.

"Mama bubu ataombolezaje?" mwongozaji akauliza. "Mkishindwa leo, kesho natafuta mwingine."

Hawakushindwa. Walijaribu huku na huku wakaona sauti huenda kwa aliye karibu, mradi avute pumzi pamoja na Shangazi. Basi wakaupanga mchezo upya: akipiga magoti, wote walipiga, akigeuka, bega la mtu lilikuwa tayari. Yeye alitoa mwili, wao vinywa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Penye kilio kikubwa fundi alishikwa na kwikwi, pumzi ikampotea, na sauti ikatua kwa mama mmoja wa safu ya mbele aliyekuwa akipumua nao bila kujijua. Aliomboleza mpaka mwisho, vizuri sana, kisha akaendelea kula karanga. Watu walilia.

Mwishoni Nyota akafufuka, akainama mara tatu. Makofi yote yalikuwa yake. Mlangoni lilikuwapo bango jipya: uso wake, na chini yake "Sauti ya Dhahabu". Pembe moja ilikuwa imebanduka. Shangazi akaikandamiza kwa kidole gumba hadi ikashika.

Kisha akawageukia wenzake. Shukrani zilimjaa, wakamzunguka. Wakavuta pumzi pamoja.

"Asanteni, wanangu," fundi akasema kwa sauti ya Shangazi.

"Asante kushukuru, Shangazi," fundi huyo huyo akajibu kwa sauti yake mwenyewe, akampokea mkoba.