Kioo cha Kuionea Zohali

Fundi miwani alikuwa na dada mmoja tu duniani, na dada huyo alikuwa amebakiza jicho moja, nalo la kusuasua. Presha ya macho ilikwishamaliza la kulia. La kushoto lilikuwa likifungwa polepole kuanzia pembeni, na daktari alisema dawa itapunguza mwendo tu, haitarudisha kilichokwenda. Miwani haikusaidia kitu. Hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote. Mtaa mzima unaona kwa mikono yake, halafu dada yake wa tumbo moja anamimina chai nje ya kikombe! Mganga hajigangi, sawa, lakini hata nduguye?

Dada mwenyewe alikuwa mwalimu wa darasa la tano mpaka alipostaafu, na watu bado wanamwita Mwalimu. Kila mwaka alichora sayari ubaoni, na kila mwaka, akifika kwenye Zohali na pete zake, hakosi kutokea mtundu mmoja wa kuuliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" Naye hujibu, "Kitabu kimeiona." Darasa linacheka, naye anacheka nao. Kumbe moyoni lilikuwa likimchoma.

"Mdogo wangu," alimwambia fundi siku moja wakitoka kliniki, amemshika kiwiko, "nitafutie darubini. Nataka niione Zohali kwa jicho langu hili kabla halijafunga. Sitaki kingine. Nikishaiona, sitagombana na mtu tena."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Fundi alisema, "Utaiona, dada," na wala hakuwa amewahi kushika darubini maishani mwake. Mfuko nao ulikuwa wa fundi miwani wa barazani, mnaujua wenyewe.

Alianzia kwenye duka la vitu vya umeme. Kijana muuzaji akamtolea boksi linalong'aa, lina picha ya nyota za kila rangi. "Hii inakuza mara mia sita, mzee. Unaona mpaka kucha za malaika!"

Fundi aliitoa, akaigeuza, akaipima lenzi yake kwa kidole gumba. Haikuzidi kifuniko cha chupa. Miguu yake mitatu ilitetemeka kabla hata hajaigusa vizuri. "Mwanangu," akasema, "mwanga wa kuingia hapa uko wapi? Ukikuza giza unapata giza kubwa, basi."

"Lakini bei rahisi, mzee."

"Rahisi ghali," akajibu, akaondoka zake. Na hapo alikuwa sahihi kabisa, msije mkasema alikuwa mjinga.

Aliipata kwa mama mmoja anayeuza vitu vilivyotumika, katikati ya viti vya ofisi na majiko. Lilikuwa bomba fupi, nene, limekaa kwenye kiti chake cha mbao, la kuwekwa juu ya meza. Ndani kabisa, kwenye kitako, kulikuwa na kioo cha mviringo, kipana kama sahani ya chai. Fundi alilielekeza kwenye tangi la maji lililokuwa juu ya ghorofa ya mbali, akachungulia. Loo! Akaona kutu ya tangi, akaona njiwa, akaona njiwa anajikuna.

"Kioo kina vumbi," alisema, akijaribu kuficha furaha ili bei isipande.

"Aliyeniletea alisema vumbi lake liachwe hivyo hivyo, kioo kisiguswe," mama akamwambia.

Fundi akacheka, akalipa. "Mama, vioo ndiyo kazi yangu."

Mazoea yana taabu, jamani. Miwani ilikuwa haitoki kwenye meza ya fundi huyu bila kufutwa. Mteja awe na haraka, awe anagomba, lazima atasubiri: tone la dawa ya kutoa mafuta, pumzi moja, kitambaa, duara kwa duara, halafu inainuliwa kwenye mwanga. Sasa ampelekee dada yake kioo cha vumbi? Wateja wa kila siku wapate kisafi, dada apate kichafu? Haiwezekani. Akafungua skrubu, akakitoa kioo, akakilaza mezani, akakidondoshea dawa, akaanza.

Kitambaa kikatoka cheusi. Akafurahi. "Ona uchafu huo!" akajisemea, akaongeza dawa, akakaza mkono. Kitambaa kikazidi kuwa cheusi. Alipokiinua kioo kukitazama, aliona maua. Yalikuwa maua ya plastiki iliyotandikwa mezani, anayaona kupitia kwenye kioo, kama mtu achunguliaye dirishani.

Kioo cha ukutani kina rangi yake ya fedha nyuma, imekingwa na kioo chenyewe, unasugua utakavyo. Hiki cha darubini rangi yake ilikuwa juu, tupu, nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Fundi aliyeshika vioo maisha yake yote hakujua, na mikono yake haikumpa nafasi ya kuuliza. Kilichobaki kilikuwa mabaka mabaka pembezoni.

Alirudi akihema kwa yule mama. Mama akasikitika, akasema kingine kama hicho hana, na hicho, ili kipakwe rangi upya, lazima kipelekwe nje ya nchi, tena ni kusubiri sana. Kusubiri! Na jicho je, nalo lingesubiri?

Na jioni hiyo hiyo Mwalimu alikuwa anamngoja. Alikuwa amevaa gauni la sikukuu. Amejipaka mafuta mikononi. Ameagiza meza itolewe uani na taa zote zizimwe. Fundi alipomwona hivyo, aliyaacha mlangoni maneno aliyoyapanga njiani. Akajipa moyo: labda hayo mabaka yatatosha. Zohali inang'aa bwana, labda itapenya.

Giza lilipoingia aliirudisha skrubu ya mwisho, akaielekeza darubini pale Mwalimu alipomwelekeza, akachungulia. Ukungu. Ukungu wa njano, hauna umbo, hauna pete, hauna kichwa wala miguu.

"Ipo?" Mwalimu akauliza nyuma yake, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Ulimi hauna mfupa. "Ipo," fundi akasema.

Mwalimu aliinama. Akaliweka jicho lake la kushoto kwenye tundu, akashika ukingo wa meza, akatulia. Akalisogeza jicho kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Iko katikati?"

"Iko katikati, dada."

"Na pete zake uliziona?"

Hapa angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. "Niliziona," akasema.

Mwalimu aliinua kichwa, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, akatikisa kichwa taratibu. "Basi. Limekwisha. Sikujua kama limefika huku."

"Dada, si jicho!" Fundi alimshika mikono yote miwili. "Ni mimi. Nilikisugua kioo, rangi yake imebanduka. Hata mimi sikuona kitu. Jicho lako ni zima, dada, mimi ndiye niliyekuharibia!"

"Si umesema umeziona?"

"Nilikudanganya."

"Ulinidanganya wakati ule, au unanidanganya sasa?"

Fundi aliling'oa lile bomba, akafungua kioo, akawasha taa, akamwekea dada yake kioo mkononi. "Tazama mwenyewe! Tazama mabaka!"

Mwalimu alikisogeza karibu na uso. Mwanga wa taa ukampiga, akakunja uso, akakiteremsha. Akapitisha kidole gumba juu yake, mzunguko mzima. "Mbona laini tu," akasema.

"Dada, haki ya Mungu..."

"Usiape. Miaka yote unafuta vioo vya watu, hata kimoja hujaharibu, uje uharibu changu mimi?" Akampapasa shavu, akalikuta limelowa. "Pole, mdogo wangu. Najua hupendi kuniona naumia. Usilie sasa. Ulinitafutia, umenipatia, shida imekuwa yangu."

Fundi alilia kama aliyefiwa, na yule aliyepaswa kubembelezwa ndiye aliyembembeleza. Alipotulia, Mwalimu alisimama. Fundi akampa mkono amwongoze ndani, akaukataa.

"Acha nizoee," akasema.

Akalifumba lile jicho la kushoto, jicho ambalo bado lilikuwa linaona, akanyoosha mikono mbele, akaanza kuutafuta mlango.