Chungwa la Mheshimiwa Oldham

...na ufito unayumba, bawabu wa Bunge mwenyewe mzee, anaupandisha polepole kama mtu anayeangua tunda kwenye mti wa jirani, na huko nchani kuna kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, ndani yake kitu cha duara, chungwa, litakuwa chungwa tu, limetoka kule chini kwenye zulia lililolowa mate ya tumbaku, linampita Spika karibu na pua, linakuja huku kwenye roshani tuliposongamana sisi wanawake, na Bunge zima limeinua shingo kutazama litasimama kwa nani, watu mia mbili waliotumwa na taifa, wamekaa na kofia zao vichwani ndani ya nyumba kama wezi wanaotaka kuondoka upesi, hawana habari na mwenzao kutoka Pennsylvania ambaye tangu asubuhi anahutubia mambo ya barabara ya posta, "...na mimi nauliza, Mheshimiwa Spika, daraja hilo litajengwa na..." na nani hatujui, sauti inapanda kwenye kuba inarudi imekatikakatika, lala Keziah mwanangu, lala mama, usiamke sasa, ukiamka utalia, na ukilia na mimi nitalia, na sitaki hawa watu wanione ninalia, sitaki kabisa... "Imekwisha," ndivyo alivyoniambia mume wangu Lemuel leo asubuhi, "yametengenezwa, Mama Keziah, kula," na yeye mwenyewe hakula, alikata soseji vipande vidogo vidogo kama anamkatia mtoto kisha akavisukuma pembeni ya sahani, na mimi mjinga nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini, siku nne sijalala sawasawa, siku nne maziwa yananikauka, tangu barua ya Oldham ilipoletwa kwenye nyumba ya Bi Pomfrey tunakopanga, barua ya adabu tupu, eti Mheshimiwa Oldham wa Kentucky angependa kujua Mheshimiwa Stroud wa Tennessee ana rafiki gani wa kupanga naye mahali na saa, yaani ya kupigana bastola wao wawili, mahali na saa, kama watu wanaokwenda kuvua samaki, na Kanali Teague, huyo mbunge mwenzetu tunayekula naye meza moja, akajitolea kuwa shahidi wa kumsimamia Lemuel kabla hata hajaombwa, sijawahi kumwona Kanali Teague na furaha kama wiki hii, juzi nimemkuta sebuleni na kasha refu la mbao mapajani, nikamuuliza, ni nini hicho Kanali, "Vijiko vya fedha vya marehemu mama, Bibi Stroud," vijiko, tangu lini vijiko vikanuka baruti... umesimama. Ufito umesimama. Mbele yangu mimi.

Kwangu, jamani, ni kwangu, na moyo ukafunguka pale pale kama mlango uliosukumwa, nikasema Lemuel, ni Lemuel huyo, amenikumbuka, kumbe kweli imekwisha, mtu anayekwenda kufa hanunui chungwa, nikanyoosha shingo kumtafuta kule chini, yule pale, safu ya tatu, ameinamia dawati lake kama anasoma, hajatazama juu, hajatazama kabisa, na kwenye fundo la kitambaa kuna kikaratasi, nikakivuta tu kikaratasi bila kulishika tunda, mwandiko uliolala, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu wa kulipwa, "Kwa Bibi Stroud wa Tennessee, pamoja na heshima zangu zote, mtumishi wako mtiifu, Fielding Oldham," nikasoma mara mbili, nikamtafuta na huyo, yuko karibu na moto, mrefu, kashika kofia yake kifuani ananiinamia, anatabasamu... "Pokea basi, mwanangu, mkono wa mzee wa watu utakatika," hiyo ni sauti ya jirani yangu wa kulia, mama mnene wa hariri ya kijani aliyejipenyeza hapa nusu saa iliyopita akiniponda paja, amenipa peremende, amemsifia Keziah mashavu, na mimi sikumjua, kumbe ndiye, kumbe nimekaa paja kwa paja na mke wa Oldham, "mume wangu huyo, usiogope, ni muungwana hasa, kila mara lazima ampelekee mke wa mtu kitu kitamu siku moja kabla, anasema bila hivyo watu watadhani kuna chuki," kila mara, amesema kila mara, nikamuuliza, kila mara nini mama, "Mwaka juzi yule bibi wa New Jersey alipelekewa zabibu, zabibu za Hispania, kubwa hivi," na mumewe, nikasema, mumewe yule bibi alipatwa na nini, "Ah, huyo," akatafuta peremende nyingine mkobani, "huyo alikaa siku tatu..."

Siku tatu. Ndipo akafa, na mama huyu anatafuna peremende. Kwa hiyo haikutengenezwa, kwa hiyo ni kesho, kesho asubuhi kule Bladensburg ng'ambo ya mpaka wa Maryland, maana hapa mjini wanaona aibu kidogo kuuana mbele ya nyumba wanamotungia sheria, wanavuka kijito wanauana kwa jirani, halafu wanarudi kupiga kura, na Lemuel amenidanganya huku anakata soseji, Lemuel ambaye kupiga bastola hajui, bunduki ndiyo, bunduki ya kuwindia kulungu anaijua, bastola hakuwahi kuishika mpaka Jumatatu, nimemwona kwa tundu la dirisha nyuma ya zizi la Bi Pomfrey, Kanali anamgeuza begani, "Jifanye mwembamba, Stroud, mwonyeshe ubavu, usimwonyeshe tumbo," na yeye anajigeuza, mabega yake mapana yale ya mwana wa mkulima, anajaribu kuwa mwembamba... na kwa sababu ya nini, ningekuwa nimeambiwa ni kwa sababu ya nchi ningemeza, ni kofia, kofia! Desemba ile siku ya kwanza, baridi, Lemuel mgeni hajui desturi, akakuta karibu na moto kiti kina kofia juu yake na mtu hayupo, akaiondoa kofia akaiweka sakafuni, akaketi, nani angemwambia kwamba hapa kofia ikiwekwa kitini ni sawa na mwenyewe amekaa, kwamba kofia ina haki ya mbunge, kwamba kuigusa ni kama kumshika mtu sharubu, kwetu kofia ikiwa kitini unaitoa unakaa, basi, Oldham akarudi akaikuta manyoya yake yameingia mate ya tumbaku, mate yao wenyewe, hayakuwa ya Lemuel, Lemuel hatafuni, akasimama siku hiyo hiyo akahutubia juu ya waheshimiwa wanaotoka mazizini wakadhani Bunge ni banda, watu wakacheka, na Lemuel akarudi nyumbani masikio mekundu, hakunisemesha mpaka nilipomkanda miguu.

Na mimi ndiye niliyemwandikia jibu. Hilo ndilo linalonikaba, mimi, kwa mkono huu, kwa sababu hotuba zake zote naandika mimi, tangu kampeni, yeye anajua anachotaka kusema na kinatoka kama magunia yanayoangushwa garini, mimi nilisoma miaka mitatu katika shule ya misheni ya Wamoravia, najua kupanga, naandika kule chumbani Keziah akinyonya, yeye ananakili kwa mwandiko wake, karatasi yangu naihifadhi chini ya nguo za mtoto kwenye sanduku, na ile ya barabara ya posta nilipofika katikati nikaona imedorora, nikaweka kichekesho, nilicheka peke yangu nikiandika, eti mheshimiwa kutoka Kentucky apewe viti viwili, kimoja cha kichwa chake na kimoja cha kofia yake, maana katika hivyo viwili ni kofia ndiyo inayofikiri zaidi... Bunge liliangua kicheko mpaka Spika akagonga meza, mimi niko hapa hapa juu, nilijiona mrefu, Mungu nisamehe, niliona hawa wakubwa wanacheka kwa maneno yangu na nikasema moyoni Tabitha, na wewe ni mbunge, na Lemuel akageuka akanitazama huku juu, macho yanacheka, ilikuwa mara ya mwisho kunitazama hivyo, jioni barua ikaja. Na hakumwambia mtu. Siku nne Kanali anamuuliza, je, unayafuta maneno, "Siwezi kuyafuta," anasema, "nimeyasema," na hawezi kusema ni ya nani, anaona heri risasi kuliko watu wajue mke wake ndiye anayemwandikia, na mimi, mimi nami nimenyamaza, nimekaa nimenyamaza kama mke wa mheshimiwa...

"...na iwapo daraja litavunjika, Mheshimiwa Spika, je, wananchi watavuka kwa..." nani anayejali watavuka kwa nini, hebu waone hao wananchi wenyewe walivyowasha mioto siku ya uchaguzi, bunduki zinapigwa hewani, baba mkwe ananikumbatia, "Mwanangu anakwenda kukaa na wakubwa wa nchi!" wiki tatu ndani ya gari la farasi na mtoto wa miezi minne, matope, nepi zinakauka dirishani, nikijiambia ngoja ufike, utawaona, ndio hao, nimewaona, yule pale anayelala mdomo wazi ni mwenyekiti wa kamati, yule anaandika barua za watu wa nyumba nzima anayopanga kwa sababu jina lake likiwa juu ya bahasha posta haimtozi, Kanali Teague hutuma mashati yake machafu nyumbani yakafuliwe kwa posta hiyo hiyo, anaweka sahihi juu ya bahasha anasema ni nyaraka za taifa, na yule wa karibu na nguzo wiki iliyopita alisema uhuru mara kumi na nne, nilizihesabu, na nje ya dirisha hilo hilo walipita watu weusi wamefungwa wawili wawili kwa mnyororo wakipelekwa kuuzwa Kusini, mnyororo ukilia, na alichofanya ni kupandisha sauti usimzidi, na sisi huku juu tukajipepea kwa pepeo zetu, na mimi nilijipepea... ndicho kiti chenyewe hiki. Ubao, wino, sanduku la kutemea mate. Ndicho Lemuel anachotaka kukifia, na hata akikifia hakibaki chake, watamleta mwingine Oktoba, watawasha mioto ile ile.

"Hulitaki chungwa?" Bi Oldham ananigusa kwa kiwiko, "usione haya, mtoto wa kike, hayaoti kwenu kule," na bawabu chini anahema, ufito unatikisika, tunda linamgonga Keziah kidogo kwenye goti, watu wanaanza kucheka, cheka tu, cheka... ngoja. Ngoja kwanza. Jumapili mezani Bi Pomfrey alimwita seneta mmoja tunayepanga naye nguruwe, mbele yetu wote, kwa sababu ya buti zake kitandani, na seneta akainuka amevimba, Kanali Teague akamvuta koti, "Kaa chini wewe, kutukanwa na mwanamke ni sawa na kunyeshewa mvua, hupigani na mvua, unafungua mwavuli," na seneta akakaa, akala, hiyo ndiyo sheria yao, hawana nyingine wanayoishika kama hiyo, mwanamke hawezi kumvunjia heshima muungwana, hana uzito huo, hata akitaka... basi kama maneno ni ya mwanamke, Oldham amemwita nani Bladensburg? Atampiga nani bastola? Akijua, akijua tu, akijua kabla ya chakula cha jioni, hawezi kwenda, atachekwa mpaka Kentucky, mtu mzima aliyetaka kuua kwa sababu ya mzaha wa mama mwenye mtoto titi mdomoni, na ushahidi ninao, karatasi yangu, na mistari niliyoikata, na doa la maziwa juu yake. Na mtu wa kuambiwa nisimtafute mbali, yuko hapa ananiponda paja, mama huyu siri haikai naye hata ngazi tatu, atakuwa amefika chini kabla Spika hajapiga nyundo.

Na Lemuel watammaliza. Nalijua hilo, sijidanganyi, hakuna kaunti Tennessee itakayomrudisha mtu ambaye mkewe ndiye kichwa, watamwimbia, Kanali Teague atahama meza, ataitwa Bwana Tabitha sokoni, kiti kitakwenda, kofia na kiti vyote vitakwenda, na atajua ni mimi, sitamwambia ni mwingine, nitasema ni mimi... ameinua kichwa sasa, ananitazama, ameliona chungwa, ameelewa limetoka kwa nani, uso umempauka kama karatasi, anatikisa kichwa kidogo, hapana, Tabitha, usi... usi nini, usilipokee au usiseme, naye amejuaje, miaka miwili tu ananijua na amejua... atanichukia, sawa, atanichukia njia nzima ya kurudi, wiki tatu hanisemeshi, atanichukia akinyoa ndevu, akipanda mahindi, akimshika Keziah mikono ajifunze kutembea, atanichukia kanisani, atanichukia akiwa na mvi na magoti mabovu, ananiita kwa sauti ya ukali nimletee blanketi, miaka arobaini ya mume anayenuna upande wa pili wa kitanda, joto la mgongo wake lile lile, na mimi kila asubuhi nitausikiliza mgongo huo unavyopanda na kushuka... "Bibi Oldham," nasema, na sauti inatoka imenyooka, hata mwenyewe nimeshangaa, "hebu sogeza sikio."