Nani Kagusa Mto Wangu

Aliyewahi kusuka lesi hahitaji kuambiwa: mwachie mwenzako mto wako wa kusukia kwa muda wa kunywa chai tu, ukirudi utajua alipopita. Kila mkono una mvuto wake wa uzi. Mwenye haraka lesi yake inalegea, mwenye hofu inabana. Yangu mimi ilikuwa inakaa sawasawa, na sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na anayebisha akamuulize Mama Vitambaa.

Mama Vitambaa ndiye mwenye duka. Mbele anauza vitambaa kwa mita, nyuma ana chumba chenye dirisha kubwa, meza ndefu ya kukatia nguo, na kabati. Jumamosi alasiri tunakutana humo, kila mtu na mto wake wa duara, mgumu, umeshindiliwa maranda ya seremala. Juu ya mto inakaa karatasi nene iliyotobolewa mchoro. Kila kitundu kinaingia pini, na kuzunguka pini zinapita nyuzi, kila uzi umezungushiwa kijiti chake. Unashika vijiti vinne, unavusha, unasokota, unavusha tena, unachoma pini. Basi. Ukiyaweza hayo umeyaweza yote, kilichobaki ni subira na kufunga mdomo, na hicho cha pili kilinishinda tangu ujana.

Hatuuzi. Watu hutuuliza inatuingizia nini, nasi tunawajibu inatuingizia usingizi. Zamani tulikuwa watatu: mimi, Mama Vitambaa, na Nesi, ambaye anatoka wodini miguu imevimba na bado anakuja, anavua viatu chini ya meza na kujifanya hatuvioni. Halafu akaja Bwana Bucha.

Huyu duka lake la nyama liko ng'ambo ya barabara. Alikuja kununua kitambaa cha aproni, akaona mlango wa nyuma uko wazi, akasimama hapo. Kitambaa kikapimwa, kikakatwa, kikakunjwa, kikafungwa, na yeye bado kasimama. Jumamosi iliyofuata kaja na kiti chake. Nilipinga waziwazi. Nikasema mikono ile imezoea shoka, itatuvunjia vijiti. Jitu zima, mabega yamejaa mlango, linataka kusuka lesi! Akanijibu kwa adabu kwamba siku nzima anakata vitu vinapungua, anatamani ajue kitu kimoja ambacho akikishika kinaongezeka. Nikamwambia akae, na apunguze hotuba.

Mimi ndiye niliyemfundisha, maana wenzangu walikuwa wanamsifia hata alipokosea. Alivuta uzi kama anafunga gunia. Kila dakika nilikuwa namwambia, legeza, Bucha, huyo si ng'ombe, hakimbii. Anacheka, analegeza, baada ya muda uzi ni ule ule, umekaza kama ngozi ya ngoma. Lakini hakununa hata siku moja, na kila nililomwambia alilishika, hata makosa yangu. Ninalo moja la kudumu: pembeni mwa lesi, pale mchoro unapotaka usokote mara mbili, mimi nasokota mara tatu. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo, na sikuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Nesi alikataa kuniiga, Mama Vitambaa alikataa. Bwana Bucha alisokota mara tatu bila kuuliza.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu, kakulia mikononi mwangu, na ananiita mke mwenza, kwa sababu marehemu babu yake tulikuwa tunamgombania tangu anatambaa. Aliposema anaolewa nilimuuliza huyo mwanamume anajua kwamba anachukua mke wa mtu? Tukacheka. Kisha akakaa karibu yangu, akaniambia, shela nitanunua, mke mwenza, lakini lesi ya kuizunguka nataka iwe ya mkono wako. Wako tu. Nikamjibu hilo dogo.

Na lilikuwa dogo kweli. Mto wangu ulikuwa unaishi kwenye kabati la dukani, kwa sababu kwetu ni ngazi juu ya ngazi na mto wenyewe mzito. Nikawa nasuka kila Jumamosi, lesi inaongezeka, nimeshapita nusu, nimeshapita robo tatu. Hapo ndipo mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka.

Mwanzoni nikasingizia baridi. Kisha nikaenda kwa daktari, akanishika vidole, akanichoresha mstari kwenye karatasi, akaniambia ni mtetemeko tu wa umri, hauui, lakini hauondoki. Sikumwambia mtu. Nyumbani nilificha mkono chini ya kanga. Hata chai, mjukuu alikuwa ananiletea nusu kikombe, nikaona ni bahati yangu mtoto kageuka mbahili, maana kikombe kikijaa ningejimwagia.

Niliogopa, nisiseme uongo. Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa siku ya harusi yule mtoto atazame shela yake aone pengo pale nilipoishia, ajue kwamba bibi yake aliyekuwa anaweza kila kitu sasa hawezi. Kaomba kitu kimoja tu, nami nimekiita kidogo.

Basi nikajikaza kisabuni. Jumamosi nachoma pini, inaingia pembeni ya kitundu. Nachomoa, nachoma, vijiti vinapigana, nyuzi zinazongana. Mpaka saa ya kuondoka kipande nilichosuka kinafanana na utando wa buibui mlevi. Nafunika mto kwa kitambaa, nasema macho yamechoka, natia kabatini. Jumamosi inayofuata nafunua: kazi safi! Mara ya kwanza nikadhani wiki iliyopita nilikuwa na njaa tu. Mara ya pili nikamshukuru Mungu. Mara ya tatu nikaanza majivuno, nikatangaza mezani kwamba mkono umerudi, wazee ndio sisi. Mama Vitambaa akainamia mto wake. Nesi akaangusha mkasi, akakawia sana kuuokota.

Jumamosi moja jua likapiga dirishani moja kwa moja juu ya mto wangu. Nikapitisha kidole kwenye lesi, taratibu, kama mtu anavyompapasa paka. Ile ya zamani, sawa, inabonyea na kurudi. Nikaendelea mbele kidogo. Kidole kikasimama. Hapo lesi ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma.

Nikaweka mikono yote mezani.

"Nani kagusa mto wangu?"

Kiti kikalia, Bwana Bucha akasimama, kama mwanafunzi.

"Mimi, Mama."

Mama Vitambaa akarukia kati, akasema ni wao wote, ufunguo wa kabati ni wake, Nesi alikuwa anafumua yaliyozongana, Bwana Bucha anasuka upya, katikati ya wiki maduka yakishafungwa. Damu ikanichemka. Nikawapa vidonge vyao, kila mtu na chake. Nikawaambia wamekula njama, wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wameniacha nijivune mbele yao wakati wanajua. Mama Vitambaa nilimkumbusha umri wa urafiki wetu. Nesi nilimwambia hata wagonjwa wake huwa anawaambia kabla ya kuwadunga. Kisha nikaligeukia lile jitu.

"Mtoto aliomba mkono wangu," nikamwambia. "Unataka nikamvishe wako?"

Akatazama lesi, akatazama vidole vyake vinene. "Nilidhani nimelegeza," akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Nikainamia mto nipate pa kuficha uso, na hapo ndipo nilipoona pembeni. Mara tatu. Kila mahali alipopita alikuwa kasokota mara tatu, kosa langu, kaliweka moja moja kwa uangalifu kama mtu anayepanga mayai. Hasira yote ikaniishia miguuni. Lakini sikuwaonyesha, ng'o. Nikamwambia, "Fumua."

Lesi ya vijiti haivutwi uzi ikafumuka kama sweta. Unarudi ulikotoka, hatua kwa hatua: unachomoa pini, unasokotoa, unavusha kinyume. Ni kazi ya mkono mtulivu, na mimi sikuwa nao. Ikabidi niseme. Nikauinua mkono wangu juu ya meza, katikati yao, nikauacha utetemeke unavyotaka.

"Tazameni vizuri," nikawaambia, "ili muache kunitazama kwa wizi."

Nesi alilia. Mama Vitambaa naye akaja kusimama nyuma yangu, akaniwekea viganja mabegani. Bwana Bucha akafumua. Alifumua kazi yake nzuri, jasho linamtoka, na kila alipochomoa pini aliiweka mbele yangu kwa upole. Mimi nimekaa kama hakimu, na moyoni nasema, Mungu wangu, watu hawa wananipenda, nami nimewatukana hivi. Kilipobaki kipande cha upana wa kidole nikamwambia aache, hicho kibaki. Akauliza kwa nini. Nikamwambia asiniulize maswali, akakae.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kifurushi. Alikuwa kachemsha mifupa ya miguu ya ng'ombe, kaikata, kaikwangua, kaisugua mpaka inang'aa, kanitengenezea vijiti vipya. Vizito. Akaeleza kwamba kisu kikiwa chepesi mkono unacheza, kikiwa kizito mkono unatulia, akafikiri labda na vijiti ni hivyo hivyo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvinusa. Havikunuka. Nikahamishia nyuzi zangu, nikashika vinne, nikavusha. Mkono ulitetemeka bado, ila sasa ulikuwa kama mbwa aliyefungwa kamba, anavuta lakini haendi mbali. Pini alinifundisha Nesi: egemeza kiwiko, toa pumzi yote, choma kabla hujavuta nyingine. Akasema ndivyo anavyodunga watoto wachanga.

Nikasuka. Na haikuwa nzuri, tusidanganyane. Vitundu vingine vikubwa, vingine vidogo, mstari unakwenda mawimbi. Mara nyingi niliweka vijiti chini nikasema basi, mkanunue dukani. Wenzangu hawakunibembeleza wala kugusa mto wangu. Walikuwa wanasuka vyao tu, wananingoja, mpaka ninaokota vijiti tena. Nilimaliza wiki ile ile ya harusi. Mama Vitambaa aliishona lesi kwenye shela, ikaizunguka yote, na nikamwomba kipande changu cha mwisho akiweke upande wa kisogoni, kifichwe na nywele. Kwa mjukuu sikusema neno.

Asubuhi ya harusi chumba kilijaa wanawake na harufu ya pasi. Mjukuu kakaa mbele ya kioo, msusi wa nywele kasimama na pini mdomoni, tayari. Mtoto akachukua shela mapajani, akaanza kuipitisha lesi katikati ya vidole vyake, mzunguko wote, bila haraka. Alilelewa na mimi, anajua kusoma mkono wa mtu kwenye lesi. Akafika mahali, vidole vikasimama.

"Hapa ni nani?"

"Bwana Bucha," nikasema. Akacheka mpaka msusi akamwonya kuhusu wanja.

Akaendelea. Nikatamani kutoka nje. Akafika kwenye mawimbi, na vidole vikaenda polepole zaidi, kitundu kikubwa, kitundu kidogo, mpaka mwisho. Hakucheka tena.

"Na hapa ni wewe."

"Hapo ni mimi wa siku hizi," nikasema. "Huko ni kisogoni, hakuna atakayeona."

Akaigeuza shela. Akaiweka kichwani kile kipande kimekaa mbele, juu ya paji la uso, pale ambapo kila mtu angetazama. Msusi akasogea na pini zake. Mjukuu akamzuia kwa mkono.

"Mpe bibi."

Nikatoa mkono wangu chini ya kanga, nikamwonyesha. Nikamwambia, "Nitakutoboa jicho siku ya harusi yako."

"Mke mwenza," akasema, "kwani unafikiri nani alikuwa anakupimia chai nusu kikombe?"

Nikakosa la kusema, na wanaonijua wanajua hilo ni tukio. Machozi yakanitoka hadharani, kila mtu akaona, na sikujali. Mtoto akainama, akafumba macho, akatulia kabisa. Nikachukua pini. Nikaegemeza kiwiko begani kwake, nikatoa pumzi yote. Pini ikatetemeka juu ya paji la uso wake, naye hakusogea hata ukope.

Ikaingia. Nikamwambia msusi anipe ya pili.