Mlango wa Mtaa wa Saint Odile

Huku kwetu Louisiana chama cha gwaride hakizaliwi ofisini, huzaliwa mlangoni. Waungwana wa Saint Odile walizaliwa kwenye mlango wa Bi Melvina Encalade, na tangu hapo, kila Jumapili yao ya Novemba ikifika, wanachama hujifungia ndani ya nyumba ile nyembamba huku bendi ya matarumbeta ikiwasubiri barabarani. Kisha mlango hufunguliwa, wakatoka mmoja mmoja wakicheza, jina la kila mmoja likipigiwa kelele, suti na kofia na viatu vya rangi moja ambayo hakuna mtu wa nje aliyewahi kuiona. Gwaride lenyewe, na umati unaofuata nyuma ya bendi ambao tunauita mstari wa pili, ni utamu wa ziada. Watu huamka mapema kuja kuuona mlango ukifunguka.

Rangi ni siri. Mume hamwambii mkewe. Fundi wa suti akiropoka, hashonei tena chama chochote mjini, na watoto wake watasemwa. Mtu anaweza kukukopesha gari lake, akakupa na funguo za nyumba, lakini rangi ya mwaka huu hakuambii hata umkabe.

Mwaka huo rangi aliichagua mwenyekiti, Verlin Encalade, fundi plasta, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Bi Melvina alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea. Verlin alichagua rangi ya pichi. Katika picha ya zamani iliyotundikwa juu ya jiko, Bi Melvina amesimama kizingitini siku ya kwanza kabisa ya chama, kijana, mkono kiunoni, na gauni la pichi. Moyo wake sasa ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amemwita Verlin pembeni akamwambia mama huyu hataifikia Kwaresima. Basi Verlin akajiapiza: mama huyu ataketi barazani kwake, mlango utafunguka, na atawaona watu wote wakimtokea wamevaa rangi ya gauni lake. Hakutaka kitu kingine maishani.

Akaenda ofisi ya vibali vya magwaride, kama kila mwaka.

Bi Landry wa dirishani alikuwa mtu wa kwetu. Bibi yake alicheza mstari wa pili mpaka magoti yakagoma. Alisoma karatasi ya Verlin, akabofya kompyuta yake, akakunja uso.

"Kaka Verlin, Saint Odile haiwezekani."

"Haiwezekani vipi? Tumeanzia pale tangu mimi navaa kaptula."

"Najua. Imeondolewa kwenye orodha. Magari yanaegeshwa pande zote mbili, wanasema gari la zimamoto halipiti kukiwa na watu. Na majirani wameandika."

"Majirani gani? Mama Melvina ndiye jirani wa mwisho pale!"

Hilo lilikuwa kweli. Wengine walikufa, wengine walihamishwa na kodi, na nyumba zao sasa zilikuwa za kulaza wageni wa wikendi, zimepakwa rangi za peremende. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kukaa Saint Odile. Hawa wageni walikuja kwa ajili ya muziki wetu, kisha wakaandika barua kwamba muziki unapiga kelele.

"Nitakupa uanzie chini ya daraja la Claiborne," Bi Landry alisema. "Utapita kona ya Saint Odile, lakini usiingie."

"Dada yangu. Mama anakufa."

Bi Landry alivua miwani. Akasema neno ambalo pengine alilijutia kabla halijafika upande wa pili wa kioo. "Yangekuwa mazishi, ningekupigia muhuri sasa hivi. Jeneza hutokea nyumbani kwa marehemu. Halipangiwi njia."

"Kwa hiyo nikamngojee afe?"

"Sikusema hivyo, kaka."

"Umesema hivyo hivyo."

Aliondoka na kibali cha daraja. Moyoni akajidanganya kwamba bado kuna muda, kwamba atamwona diwani, atamwona mchungaji, litapatikana la kufanya. Diwani alimpa kahawa. Mchungaji alimwombea. Mtu akikupa kahawa na maombi siku moja, ujue hana la kukupa.

Na Bi Melvina hakuambiwa kitu.

Jumatatu moja, Verlin alipokwenda kula maharage mekundu na wali, maana Jumatatu huku hakiliwi kingine, alimkuta mama ameketi jikoni, miguu imevimba ndani ya ndara.

"Rangi gani, we mtoto?"

"Mama, unataka nifukuzwe uenyekiti?"

"Nani wa kukufukuza? Chama changu, mlango wangu, na maharage unayobugia ni yangu. Sema. Bluu?"

"Sisemi."

"Si bluu. Ungekuwa umecheka. Ni ile ya haradali? Verlin, ukinitolea watu wazima na suti ya haradali mlangoni mwangu, nafunga mlango mnabaki ndani."

Verlin alicheka mpaka wali ukampalia. Mama alimpiga mgongoni, kisha mkono ukabaki palepale.

"Niambie bwana. Mimi hali yangu unaiona."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Angesema pichi, mama angegeuka kuitazama picha ile juu ya jiko, na angekuwa nayo, hata kama asingepata kingine. Lakini Verlin alikuwa mtu wa chama mpaka kwenye mifupa, na siri ya rangi alifundishwa na huyuhuyu mama.

"Utaiona mlangoni," alisema.

"Haya," Bi Melvina akajibu, ameridhika. "Ndivyo nilivyokulea."

Alikuja kumwambia habari ya njia siku ya Jumamosi, kesho yake ndiyo gwaride. Alimkuta amekwisha kutoa kiti chake barazani na kukifuta vumbi, na utepe wake wa mwanzilishi ameunyoosha kwa pasi. Verlin alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Bi Melvina alisikiliza. Hakupandisha sauti.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Septemba, Mama."

"Ukawa unakuja unakula, unaniangalia."

"Nilidhani nitalipatia dawa."

"Mnapita kona?"

"Tunapita kona."

"Kutoka kona mpaka hapa ni nyumba chache tu. Mkikata kona, nitawaona. Si lazima mtokee mlangoni. Nipitieni tu."

Verlin alimbusu kipaji cha uso akaenda zake.

Jumapili ilikuwa na jua jema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana ingenyesha angepata wa kumlaumu. Walitokea chini ya daraja, nyuma ya turubai, kama watu wanaotoka chooni. Umati ulipiga yowe hata hivyo, kwa sababu suti zilipendeza: pichi kuanzia kofia mpaka viatu, na mapepeo ya manyoya. Bendi ililipuka, daraja likarudisha mlio, watu wakafurika. Verlin alicheza kwa sababu mwenyekiti hachezi kwa kupenda.

Walipofika kona ya Saint Odile, askari wa pikipiki alikuwa amekwisha kuisimamisha pikipiki yake mdomoni mwa mtaa, akaonyesha kwa kidole: moja kwa moja. Bendi ikapunguza mwendo. Mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, aligeuka kumtazama mwenyekiti. Nyuma, mstari wa pili ulianza kuimba kwa pamoja, "Kata kona! Kata kona!" Kila mtu alijua ni mlango wa nani.

"Afande, dakika moja," Verlin alisema. "Ni mama mmoja tu, mgonjwa."

"Mzee, mimi sikuandika hiyo karatasi. Mkiingia, nazima gwaride, na mwakani hamna Jumapili."

Alikuwa akisema kweli, wala hakusema kwa ubaya. Chama kinachovunja kibali hupoteza Jumapili yake, na vyama vya kuigombania havikosi. Nani angewakumbuka Waungwana wa Saint Odile wakikaa ndani mwaka mmoja, na mwingine?

"Tukate, Mwenyekiti," mpiga tuba alimnong'oneza. "Potelea mbali. Tukate."

Verlin alichungulia juu ya bega la askari. Aliliona baraza kwa mbali, na kiti, na kitu cheupe kwenye kiti, na hicho cheupe kilikuwa kinapunga. Mama macho yake hayakuwa yakifika kona tena. Alikuwa akipunga kwa kufuata sauti.

Akainua pepeo lake, akalishusha kuelekea mbele. Moja kwa moja. Bendi ikatii. Kelele za "kata kona" zikageuka mazomeo kidogo, zikafa, na tuba ikaendelea kuguruma mpaka ikawa haisikiki tena Saint Odile.

Gwaride lilipokwisha, jua bado lipo, alikwenda kwa mama mbio, na suti yake yote, jasho limeingia mpaka kwenye viatu. Bi Melvina bado alikuwa barazani. Aliposikia hatua kwenye ngazi, alifumba macho.

"Mama, ni mimi. Fumbua uone."

"Umevaa?"

"Nimevaa."

"Basi sifumbui."

"Mama, tafadhali. Nimeichagua kwa ajili yako."

"Suti bila bendi ni nguo tu, Verlin. Nguo nimeziona nyingi." Alikuwa amebana macho kama mtoto anayekataa dawa, na machozi yalikuwa yakipenya palepale. "Umesema nitaiona mlangoni. Nitaiona mlangoni. Kavue uje unipe maji."

Alipiga magoti akamsihi. Alianza kumwambia rangi kwa mdomo, mama akaziba masikio kwa viganja. Hakuwa akimkomoa. Alikuwa akiishika sheria ya chama, aliyoiweka mwenyewe, kwa sababu ndicho alichobakiwa nacho. Verlin alikwenda akavua. Alirudi na fulana yake ya kazini yenye plasta, akampa maji, na mama akafumbua macho akanywa.

Alifariki Januari, kabla keki za Kanivali, zile zinazoliwa kabla ya Kwaresima, hazijaanza kuuzwa, usingizini, dirisha likiwa wazi.

Verlin alirudi kwenye dirisha la Bi Landry. Safari hii hakuulizwa kuhusu zimamoto. Hakuulizwa kuhusu majirani. Bi Landry alipiga muhuri huku analia, akasema, "Pole kaka, pole sana," na Verlin akasema asante, kwa sababu alilelewa kusema asante.

Basi Waungwana wakajifungia tena ndani ya nyumba ile nyembamba. Bendi ikasimama barabarani, magari yote yameondolewa kwa amri, mtaa umekuwa mpana ajabu. Mlango ukafunguliwa. Wakatoka mmoja mmoja na suti za pichi, polepole, bila kucheza, bendi ikipiga wimbo wa taratibu wa kanisani. Jina la kila mmoja liliitwa. Mwishoni mtu akapaza sauti, "Melvina Encalade!" na jeneza likatoka kizingitini mabegani mwa watu sita, limefungwa. Askari wa pikipiki, yule yule, alivua kofia yake.

Kabla jeneza halijafungwa, Verlin alikuwa amemwomba bwana wa kuandaa maiti amshikishe mama leso ya pichi mkononi. Yule bwana alimshikisha vizuri, akamkunja na vidole. Verlin alitazama macho ya mama yaliyofumbwa, akajua kwamba ameleta leso kwa ajili yake mwenyewe.

Walipopita nyumba ya tatu, wageni wa wikendi walikuwa wamesimama kwenye baraza lililopakwa rangi ya peremende, simu juu. Mwanamke mmoja, mwenye uso mwema, alikuwa anafuta machozi. Aliteremka ngazi mpaka ukingoni mwa barabara, akamgusa Verlin mkono.

"Samahani," alisema. "Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Na hiyo rangi! Mtapita tena lini mtaani kwetu?"

Mtaani kwetu. Verlin alimtazama. Jibu lilimjia lenyewe: tukifiwa tena. Alifungua mdomo alitoe, akageuka kuangalia nyuma, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka kwenye mlango uliobaki wazi, na akakumbuka kwamba Saint Odile nzima hapakuwa na mtu wao mwingine wa kufa.

"Hatupiti tena, mama," alisema, akalifuata jeneza.